Sura ya Nne: Makala Iliyomezwa na Jina

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari Hugh Trowell alimwita mwenzake aje amtazame mtoto wa kiume wa miaka mitano. Mtoto alikuwa amevimba uso pande zote: taya la juu kulia na kushoto, taya la chini kulia na kushoto. Mwenzake huyo alikuwa mpasuaji, Denis Burkitt, Mwairishi wa miaka 46 mwenye jicho moja. La pili alilipoteza utotoni kwa ajali. Alimchunguza mtoto kwa makini, akabaki na maswali. Jipu haliwezi kutokea mahali panne kwa mpigo. Saratani nayo, kwa jinsi alivyofundishwa Dublin, huanza mahali pamoja ndipo isambae. Hili halikuwa jipu, wala halikufanana na saratani yoyote aliyoisoma vitabuni. Akampiga mtoto picha, akaandika alichokiona. Dawa hakuwa nayo.

Wiki chache baadaye alikuwa katika hospitali ya Jinja, akipita wodini. Akatupa jicho dirishani, akamwona mtoto ameketi nje kwenye majani pamoja na mama yake, uso umevimba vilevile, pembe zote nne. Kitu kikitokea mara moja unaweza kukiita kioja ukaenda zako. Kikijirudia, kinadai maelezo. Burkitt alitoka nje akazungumza na mama, kisha akawachukua wote wawili hadi Mulago.

Kuanzia hapo hakutulia. Aliingia kwenye majalada ya hospitali, akayapekua moja baada ya jingine, akakuta watoto wengi waliokuwa wameandikwa kila mmoja kwa ugonjwa wake: huyu uvimbe wa taya, yule uvimbe wa figo, mwingine wa ini, mwingine wa kokwa za uzazi. Mara nyingi mtoto mmoja alikuwa na uvimbe wa namna mbili au tatu. Waliokuwa wakihesabiwa kama wagonjwa wa magonjwa tofauti walikuwa wagonjwa wa ugonjwa mmoja. Mwaka 1958 aliandika makala fupi juu ya watoto 38, ikachapwa katika jarida la wapasuaji wa Uingereza, British Journal of Surgery. Aliuita ugonjwa huo sarkoma ya mataya ya watoto wa Kiafrika.

Makala ikapita kimya. Wapasuaji wa Uingereza hawakuwa na watoto wa namna hiyo wodini mwao, na wataalamu wa saratani hawakuwa na desturi ya kutafuta habari za saratani katika jarida la wapasuaji. Kama wakati ule kungekuwa na mtu wa kupima thamani ya makala kwa kuhesabu mara ilizotajwa na wengine, Burkitt angeambiwa kwa upole kwamba amepoteza muda wake.

Sura hii inahusu kipimo hicho. Siku hizi kinaamua nani apandishwe cheo, nani apewe fedha za utafiti, na chuo gani kitajwe kuwa bora. Nimemchagua Burkitt kwa kuwa kazi yake ilifanyika hapa kwetu, na kwa kuwa inaonyesha vizuri kipimo kinaona nini na kinapofuka wapi.

Daftari la madeni

Mtafiti anapoandika makala, mwishoni huorodhesha kazi za wengine alizozitumia. Wasomi huliita tendo hilo kunukuu, ingawa mara nyingi hakuna maneno yaliyonukuliwa. Ni kukiri tu kwamba jambo hili nimelipata kwa fulani. Wanazuoni wa pwani yetu waliujua utaratibu wa namna hii karne nyingi kabla ya majarida ya sayansi, wakauita sanadi: mimi nimelisikia kwa huyu, naye kwa yule, hadi chanzo. Na kwa lugha ya mtaani, ni ule usemi wa mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Kwa muda mrefu madeni hayo yalikaa yalipoandikwa. Ukitaka kujua makala yako imetumiwa na nani, ilikubidi usome kila jarida duniani. Mmarekani mmoja, Eugene Garfield, ndiye aliyefikiria kuligeuza daftari. Wanasheria wa Marekani tangu 1873 walikuwa na vitabu vya Shepard vilivyoonyesha hukumu fulani imetajwa katika kesi zipi za baadaye. Garfield akauliza, kwa nini wanasayansi wasiwe na kitu kama hicho? Alilieleza wazo lake katika jarida la Science mwaka 1955, na kufikia 1964 kampuni yake ya Philadelphia ilikuwa inauza Science Citation Index, faharasa nene iliyokuonyesha, kwa kila makala ya zamani, ni nani wameitaja.

Lengo lilikuwa kumsaidia msomaji atafute. Ila kitu kikishaorodheshwa kinahesabika, na kikihesabika kinashindanishwa.

Mwaka 2014 jarida la Nature liliwapa wasomaji wake mfano ambao Mtanzania hahitaji kutafsiriwa. Wakati ule ghala la kumbukumbu lililozaliwa na kazi ya Garfield lilikuwa na maandishi yapatayo milioni 58. Ukichukua ukurasa wa kwanza tu wa kila moja, ukaupanga juu ya mwenzake, rundo lingekaribia kilele cha Kilimanjaro. Sasa hebu tulipande rundo hilo kutoka usawa wa bahari. Unaipita Marangu, unaingia msituni, unafika kibanda cha Mandara kwenye mita 2,720, na muda wote huo unakanyaga karatasi zilizotajwa mara moja tu au zisizotajwa kamwe. Hizo ni takriban nusu ya rundo zima. Kazi zilizotajwa mara 1,000 au zaidi ni mita moja na nusu ya juu kabisa, kimo cha mtoto wa shule. Zilizotajwa zaidi ya mara 10,000 ni sentimita moja na nusu, unene wa daftari.

Pale juu kileleni amesimama nani? Si mgunduzi wa dawa wala mtegua kitendawili cha urithi. Ni Oliver Lowry wa St. Louis, Marekani, kwa makala ya mwaka 1951 inayoeleza namna ya kupima kiasi cha protini ndani ya kimiminika. Kufikia 2014 ilikuwa imetajwa zaidi ya mara 305,000. Lowry mwenyewe hakuiona kuwa kazi yake kubwa. Ila kila maabara iliyopima protini kwa njia yake iliitaja, kama vile pishi la sokoni: kila anayepima mchele lazima alishike, hata kama hana habari na aliyelichonga. Sehemu kubwa ya makala mia moja za juu ni za namna hiyo, mbinu na vipimo na hesabu za takwimu. Kwa hiyo kutajwa sana kunatuambia kitu cha kweli, kwamba kazi hii inatumika. Kwamba kazi hii ni kubwa, hilo ni jambo jingine.

Gari la pauni 250

Burkitt hakungoja kutajwa. Alichapisha vipeperushi vyenye picha za watoto wagonjwa, akavituma kwenye hospitali za serikali na za misheni kote Afrika, akiuliza swali moja: je, mmewahi kuona kitu hiki? Majibu yalipofika alichomeka pini kwenye ramani. Pini zikaanza kuchora mkanda ukatao Afrika katikati, kaskazini na kusini mwa ikweta, wenye mkia ulioteremka upande wa mashariki kuelekea Msumbiji.

Ramani haikuwa mchezo mpya kwake. Alipofika Uganda mwaka 1946 alipangiwa kazi Lira, katika wilaya ya Lango, na huko aliona kwamba mabusha yalikuwa mengi upande mmoja wa eneo na machache upande mwingine. Aliliandikia jambo hilo makala katika The Lancet mwaka 1951. Sasa tunajua mabusha na matende huletwa na minyoo inayoenezwa na mbu, hivyo tofauti aliyoiona ilikuwa na sababu yake. Kwake, faida ilikuwa somo: kabla hujauliza ugonjwa unatokana na nini, uliza unakaa wapi.

Oktoba 1961 aliondoka Kampala na madaktari wawili wa misheni, Ted Williams na Cliff Nelson, kwa gari la Ford la mwaka 1954 lililonunuliwa kwa pauni 250. Walizunguka kwa wiki kumi, maili 10,000, yaani kama kilomita 16,000, kupitia Kenya na Tanganyika hadi Afrika Kusini na kurudi, wakizuru hospitali zaidi ya 50. Kila walikofika walifanya jambo lilelile: kuonyesha picha, kuuliza, kuandika. Walitaka kuujua mwisho wa mkanda, mahali ambapo daktari anatazama picha na kusema, hapana, huyu simjui.

Mpaka ulionekana kufuata mwinuko wa ardhi. Nyanda za juu ugonjwa haukuwapo, na mabondeni kwenye joto na mvua ulikuwapo. Alexander Haddow, mtaalamu wa wadudu na virusi aliyekuwa Entebbe, ndiye aliyemwonyesha Burkitt kwamba anachokiona si mwinuko bali ni ubaridi: ugonjwa ulikoma pale ambapo joto hushuka chini ya nyuzi 16 hivi, au mvua ikawa haba. Ukiyasema hayo mbele ya mtu yeyote wa Afrika Mashariki atakwambia hiyo ni nchi ya mbu. Burkitt naye alifikiri hivyo, akadhani mbu anabeba kirusi cha saratani.

Dhana hiyo haikuwa sahihi, ila ilikuwa imekaribia. Mwaka 1970, pamoja na mtafiti wa Uganda G. W. Kafuko, aliandika kuhusu uhusiano wa saratani hii na malaria. Mbu habebi kirusi. Hubeba malaria, na malaria ikimwandama mtoto bila kupumzika huivuruga kinga yake, ndipo kirusi kilichokwisha kuingia kwa njia nyingine kipate nafasi. Makala ya dhana iliyokosea nusu nayo hutajwa, na inastahili, kwa maana wengine walisahihishia hapo. Kipimo hakitofautishi anayetajwa kwa kupatia na anayetajwa kwa kukosea.

Ndege iliyochelewa kwa ukungu

Nimesema makala ya 1958 ilipita kimya. Basi habari zilimfikiaje aliyezihitaji? Zilimfikia kwa tangazo la ukutani. Machi 22, 1961, Burkitt akiwa London likizoni alialikwa kutoa mhadhara katika Hospitali ya Middlesex. Mtafiti mmoja wa hapo, Anthony Epstein, aliyekuwa akishughulika na kirusi kinachosababisha saratani kwa kuku, aliliona tangazo akaingia kusikiliza. Saratani inayofuata joto na mvua! Hakuhitaji kungoja mwisho wa mhadhara. Kama inafuata hali ya hewa, huenda inaenezwa na kitu chenye uhai, na kitu hicho huenda ni kirusi kama cha kuku wake.

Wakapatana. Vipande vya uvimbe viliondolewa kwa watoto Kampala, vikapakiwa kwenye ndege hadi London. Kwa zaidi ya miaka miwili Epstein hakuona kitu. Alitafuta kwa hadubini ya elektroni, akajaribu kukuza virusi kwa kila njia aliyoijua, akatoka mikono mitupu.

Desemba 5, 1963, ndege iliyobeba sampuli ya mtoto wa kike wa miaka tisa ilishindwa kutua London kwa sababu ya ukungu, ikaelekezwa Manchester. Sampuli ilifika maabara jioni sana. Maji yaliyomo kwenye kichupa yalikuwa na ukungu wake yenyewe, meupe, kama maji yaliyoingiwa na bakteria. Mtu mwingine angeyamwaga aende nyumbani. Epstein alichukua tone akaliweka chini ya hadubini ya kawaida. Bakteria hakuwaona. Aliona seli za saratani zilizo hai, zilizobanduka kwenye kipande kwa kutikiswa njiani, zikielea moja moja. Akabadili njia: badala ya kuotesha seli zikiwa zimeshikamana na chombo, aliziacha zielee. Zikaota. Miezi miwili na nusu baadaye, kwenye hadubini ya elektroni, kirusi kilionekana ndani ya seli mojawapo, kikiwa aina ya herpes ambayo hakuna aliyewahi kuiandika.

Makala ilitoka The Lancet Machi 28, 1964, ikiwa na waandishi watatu: Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr. Ilikuwa mara ya kwanza kirusi kuonekana katika saratani ya binadamu. Kutoka hapo njia ziligawanyika kama mito ya Rufiji ikikaribia bahari. Philadelphia, Werner na Gertrude Henle waligundua kwamba kirusi hicho kimo katika watu wengi duniani, na kwamba ndicho kiletacho homa ya tezi kwa vijana. Wengine wakakihusisha na saratani ya nyuma ya pua. Wengine wakaona kwamba katika seli za ugonjwa wa Burkitt vipande vya kromosomu ya 8 na ya 14 vimebadilishana mahali, wakafuatilia hadi kwenye jeni inayoamrisha seli igawanyike bila breki. Mwaka 2022, uchunguzi uliotumia kumbukumbu za wanajeshi wa Marekani zaidi ya milioni 10 ulionyesha kwamba kirusi hichohicho ndicho kinachotangulia ugonjwa wa mfumo wa neva uitwao multiple sclerosis.

Mito yote hiyo, ukiifuata hadi juu, inatoka kwenye chemchemi moja: mtoto wa Mulago, mtoto wa Jinja, na makala fupi kuhusu watoto 38.

Jina linapoila kazi

Hapa ndipo kipimo kinapopofuka. Ukisoma makala ya leo juu ya ugonjwa huo, utaona maneno "limfoma ya Burkitt" yamerudiwa pengine mara hamsini. Ukienda mwisho, kwenye orodha ya kazi zilizotumika, mara nyingi Burkitt hayumo. Wametajwa waliochapisha juzi na jana. Mwandishi haoni haja ya kumtaja, maana ameshamtaja kwa kuliita jina la ugonjwa. Na mashine inayohesabu haitambui jina lililo katikati ya sentensi, inatambua lililo kwenye orodha tu.

Mwanasosholojia wa Marekani, Robert Merton, alilieleza jambo hili zamani: wazo likikubalika sana humezwa na elimu yenyewe, na chanzo chake kinafutika. Hakuna anayemtaja Newton kila anaposema kitu kimeanguka. Kwa mizani ya kutajwa, kazi hupanda wakati ingali mpya na ya kubishaniwa, na inaweza kuanza kushuka siku ile inapokuwa ukweli wa kila mtu. Mafanikio makubwa kuliko yote yanaandikwa daftarini kama upungufu.

Majina nayo yana upendeleo wake. Kirusi kile kinaitwa Epstein-Barr. Waandishi wa makala ya Machi 1964 walikuwa watatu, na Achong, mzaliwa wa Trinidad, ndiye aliyekuwa fundi wa hadubini ya elektroni, chombo kilichokionyesha. Jina la kirusi lilitokana na lakabu ya seli zilizooteshwa, EB, herufi za Epstein na Barr walioziotesha. Kwa hiyo hakuna aliyeketi na kuamua kumnyima. Ila kila siku dunia nzima watu hutaja majina mawili, na la tatu linabaki kwa wanaofungua makala yenyewe.

Wapo pia ambao hata kwenye makala hawakuingia. Albert Cook, aliyeanzisha Hospitali ya Mengo mwaka 1897, alikuwa mtu wa kuandika kila kitu, na ndani ya majalada yake ya mwanzo wa karne iliyopita mna watoto wenye uvimbe wa mataya. Ugonjwa ulikuwapo na uliandikwa, nusu karne kabla ya Burkitt. Mwaka 1964 kundi la watafiti wa Kampala, wakiwamo Mtimavalye na Owor, waliyapitia majalada ya Mengo ya tangu 1897 hadi 1956 wakaonyesha saratani zilivyokuwa katika jamii hiyo. Kazi hiyo isingewezekana bila makarani na wauguzi waliojaza majalada kwa mkono, mwaka baada ya mwaka. Kuna faharasa gani iliyowahi kumhesabia karani wa hospitali?

Na kuna yule mtoto wa kike wa miaka tisa. Kipande kilichotoka tayani mwake kilifungua tawi zima la elimu. Katika sayansi hujulikana kwa umri wake na kwa tarehe ya ndege.

Mgema akisifiwa

Kadiri faharasa zilivyokua ndivyo vipimo vilivyoongezeka. Jarida hupewa alama kwa kuchukua mara ambazo makala zake za miaka miwili iliyotangulia zimetajwa mwaka huu, kisha kugawanya kwa idadi ya makala hizo. Mwaka 2005 mwanafizikia wa California, Jorge Hirsch, alileta kipimo cha mtu binafsi kinachoitwa h. Hesabu yake ni rahisi. Chukua mtafiti mwenye makala tano zilizotajwa mara 40, 12, 9, 5 na 3. Makala nne zimetajwa angalau mara nne kila moja, kwa hiyo h yake ni 4. Ya tano ingehitaji kutajwa mara tano ili apande. Ile iliyotajwa mara 40, hata ingetajwa mara 4,000, isingembadilishia kitu.

Mtafiti mwenye kazi moja iliyobadili elimu na nyingine chache atakuwa chini ya mwenzake mwenye kazi ishirini za wastani. Kama Lowry angekuwa hana kitu zaidi ya ile makala yake moja, kwa kipimo hiki kilele chote cha Kilimanjaro kingehesabiwa kama 1.

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kipimo kilipoanza kugawa vyeo na fedha, watu walijifunza kukilisha. Utafiti mmoja hukatwakatwa uwe makala nne. Marafiki hutajana kwa zamu. Wapo wahariri wanaomwambia mwandishi ataje makala za jarida lao kabla ya kupokea yake, na wapo wachapishaji wanaochapa chochote kwa yeyote mwenye pesa. Hali ilifika mahali ambapo mwaka 2012 wahariri na wachapishaji wa majarida waliokutana San Francisco waliandaa azimio la kutaka alama ya jarida isitumike kumpima mtafiti mmoja mmoja. Taasisi nyingi duniani zimelitia saini. Kulitekeleza ni kazi nyingine.

Kwetu hatari ina sura ya pekee. Swali la kwa nini mabusha ni mengi upande mmoja wa Lango lilikuwa swali la Lango. Aliyelijali zaidi alikuwa mtu wa Lango mwenye busha, naye hakuwa na jarida la kuandikia. Mtafiti kijana wa Dar es Salaam au Bujumbura anayetaka kupanda kutoka mhadhiri hadi mhadhiri mwandamizi atajifunza mapema kwamba swali linalotajwa sana ni lile linaloulizwa na wengi, na wengi hawako Bujumbura. Ataliacha la kijijini kwao, ashike la Boston. Huenda asijue alichokiacha, maana Burkitt naye hakujua kwamba mabusha ya Lira yalikuwa yakimfundisha kuchora ramani ya saratani.

Dona na sembe

Burkitt aliondoka Uganda mwaka 1966. Kabla hajaondoka alikuwa ameshawatibu watoto kwa dawa za kemikali kama methotreksati, kwa dozi chache kuliko zilizozoeleka Ulaya, kwa kuwa vifaa vya mionzi Mulago havikuwapo, na baadhi yao uvimbe ulinywea usirudi. Enzi ambayo saratani nyingi zilikuwa hukumu ya kifo, hilo lilikuwa jambo la kushangaza. Kampala kikaanzishwa kituo cha kutibu limfoma mwaka 1967, na mwaka 1972 Burkitt alikuwa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Lasker kwa tiba ya saratani kwa dawa.

Kisha akageukia chakula. Miaka ishirini ya kupasua matumbo Uganda ilimwachia jambo kichwani: magonjwa yaliyojaza wodi za upasuaji Uingereza, kama saratani ya utumbo mpana, kidole tumbo na bawasiri, Mulago aliyaona kwa nadra. Akashika ramani na vipeperushi vyake tena, safari hii akiwauliza madaktari wa misheni juu ya magonjwa wasiyoyaona. Mwaka 1972, pamoja na Walker na Painter, aliandika katika The Lancet juu ya nyuzinyuzi za vyakula, uzito wa kinyesi na muda ambao chakula huchukua kupita tumboni. Kwa lugha ya jikoni kwetu, alikuwa akitetea dona dhidi ya sembe. Alikwenda mbali mno katika baadhi ya madai, na wengine wamemrekebisha, lakini mtu anayesoma "nyuzinyuzi" kwenye pakiti ya mkate leo anakula matunda ya hoja hiyo, wala hana sababu ya kujua jina la aliyeitoa.

Alifariki Machi 1993 bila Tuzo ya Nobel. Epstein naye alifariki Februari 2024, akiwa na miaka 102, bila tuzo hiyo.

Sisemi faharasa zitupwe. Daftari la Garfield ni jema kwa kazi liliyoandikiwa: kumfuata mtu hadi kwa aliyemkopesha, na kutoka kwake hadi kwa waliokopa kwake. Nimelitumia mwenyewe katika kuandika sura hii. Ubaya unaanza pale mtu anapolisoma daftari badala ya kuisoma kazi, kama mzazi anayetazama maksi za mwanawe bila kufungua daftari lake la mazoezi.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wale wenye kukaa kwenye kamati za vyuo na za fedha za utafiti, na kwa wanafunzi watakaokaa huko kesho. Akija mbele yenu mtu mwenye makala moja fupi, iliyochapwa katika jarida lisilofuata mada yake, juu ya watoto 38 wa hospitali moja, isiyotajwa na mtu, msianze na hesabu. Fungueni makala. Someni ameona nini.